Fungueni milango ya uani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niijibu ile makala yenu ya bustani za nyumbani. Mwandishi anamshauri mwenye nyumba aoteshe nyasi mbele, apange pevingi kuanzia getini hadi barazani, asimamishe michikichi ya mapambo kila kona, halafu azungushe ukuta mrefu ili wapita njia wasiharibu mandhari. Picha zilinoga, sikatai. Ila bustani ile ni ya mtu kuitazama peke yake dirishani, tena mtu mwenye kiwanja cha Raskazone, mtaa wa viwanja vikubwa hapa Tanga. Sisi wa Ngamiani, wenye vyumba sita na ua mmoja, tumeachwa nje ya ukuta. Nami nasema ua wetu mdogo, ukifunguliwa watu wakaingia, ni bustani kuliko ile.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Naishi hapa Tanga katika zile nyumba zetu za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, choo na kisima. Ua wangu ulikuwa na sakafu ya saruji ukuta kwa ukuta. Marehemu mume wangu aliimwaga kwa nia njema, kwa sababu matope ya masika yalikuwa yakiingia mpaka ukumbini. Saruji ikaondoa matope, ikaleta joto. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikiwa imeshika, saa nane mchana hukanyagi pale bila kandambili, na usiku vyumba vya nyuma havilaliki. Nilipokuwa kazini sikuliona hilo, maana mchana sikuwapo. Kustaafu ndiko kulikonikalisha uani.

Fundi wa kwanza aliyekuja aliangalia, akasema, "Mama, tupige pevingi juu kwa juu, siku mbili tumemaliza." Nikamwambia, baba, pevingi ni saruji iliyokatwa vipande, mimi natafuta udongo. Hakurudi. Wa pili alikuwa kijana wa mtaani kwetu. Huyu hakuuliza maswali, alikuja na nyundo, tindo na sululu.

Hatukubomoa yote. Kuna wanaodhani kutengeneza bustani ni kuugeuza ua kuwa shamba, mtu akienda msalani usiku anakanyaga matembele. Tuliiacha njia ya saruji kutoka jikoni hadi chooni na kisimani, kwa sababu huko ndiko miguu inakopita, na kwa sababu dada yangu anatumia kiti cha magurudumu. Upana wa njia niliupima kwa kiti chake, nikaongeza kiganja kila upande asije akakwaruza vidole. Kona ya kisimani tuliikata mviringo, maana kiti kile hakipindi ghafla. Ramani ya ua mzima ilianzia hapo: njia ya dada kwanza, mimea ikae panapobaki.

Chini ya saruji tulikuta kifusi, chini ya kifusi mchanga, na chini ya mchanga matumbawe, mawe ambayo mtu wa pwani akichimba hakosi kugongana nayo. Tukachimba hadi magotini. Chini kabisa tukatandika makumbi ya nazi ili yashike unyevu, juu yake udongo mwekundu ulioletwa na kirikuu, ukachanganywa na samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikapoa. Samadi mbichi msiiguse, inaunguza mizizi, na ya kuku ndiyo mbaya zaidi. Vipande vya saruji havikutoka nje ya nyumba. Vikubwa vimekuwa kingo za vitalu, vilivyobaki vimejengewa kibaraza cha mviringo kuuzunguka mkomamanga, na hapo wanakaa watu wanne kwa raha, sita wakisogeleana.

Hata hivyo kilichoubadilisha ua ule hasa ni mlango. Wenye nyumba za Kiswahili wanajua: mgeni wa heshima anaishia barazani. Akizidi sana anaingia ukumbini. Uani hufika shoga, mkwe, jirani wa kuombana chumvi. Mwanamume asiye wa nyumba akipita ukumbini, wasichana wanakimbilia vyumbani na wazee wanaanza kukohoa. Sasa katika hali hiyo watu wataionaje bustani iliyoko nyuma? Ukuta wangu wa nyuma unapakana na kichochoro, na ulikuwa na mlango mdogo wa mbao uliopigiliwa misumari tangu enzi za mama mkwe. Nikaufungua. Nikabadilisha bawaba, nikaupaka rangi ya bluu, na kati ya jiko na vitalu nikasimamisha kiambaza cha makuti, asumini ikapanda juu yake. Leo mgeni anaingia kwa kichochoroni, anakuta maua, anakaa, anaondoka, na chumba hata kimoja hakijaonekana. Anayepika anawasikia, wao hawamwoni, na akitaka kuchangia mazungumzo anachangia kutoka humo humo jikoni.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri naufungua mlango ule mpaka magharibi ikikaribia. Hakuna kiingilio. Masharti ni mawili: piga hodi, na usichume bila kuuliza.

Wa kwanza kuja walikuwa akina mama wenye harusi. Walikuwa wakihangaika kutafuta asumini, kwa sababu nyumba zilizokuwa nayo zimesakafiwa. Matumba ya asumini huchumwa jua likishapoa, yakiwa bado yamefumba. Ukichuma yaliyochanua umechelewa, yatakuwa ya kahawia kabla ya isha. Unayatunga uzini yakiwa mabichi, unayafunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na usiku yanafunguka yenyewe kichwani mwa bibi harusi, harufu ikajaa chumba. Vikuba navyo, vile vishada vya majani na maua ya kunukia, tunavifunga hapo hapo kwenye kibaraza: jani la mrehani, asumini, kilua (ua la mkilua) kikipatikana, na mkadi uliochanwa nyuzinyuzi. Mkadi sina, una miiba na unataka nafasi, lakini jirani yangu analeta wa shambani kwao, na yeye anaondoka na mrehani. Kuna wasichana wa sekondari waliokuja kusindikiza mama zao wakijifanya hawana habari, wakiishikilia simu tu. Sasa wanafunga kikuba kunizidi, uzi wao hauonekani.

Mkilua nataka kuusemea kidogo. Ni mti wetu wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ua lake halina mbwembwe, ila ukiliweka kwenye kanga unalisikia siku ya pili. Wataalamu wa mimea waliuandika rasmi mwaka 1970, wakati bibi zetu wameshauvaa vizazi na vizazi. Unapenda kivuli, unakua polepole, na hauvumilii kuhamishwa ovyo. Ndugu zake ni mstafeli na mlangilangi. Mlangilangi ninao mmoja, na huo ukiuachia utakuwa mrefu kuliko bati. Mimi nafanya wanavyofanya wenzetu wa Ngazija: naukata kilele na kuyainamisha matawi ili ua lichumwe mtu akiwa amesimama chini. Asubuhi mapema ndipo unanukia hasa. Wageni wa alasiri wanakosa hilo, nami sina la kuwasaidia, siwezi kufungua mlango alfajiri.

Wanaume wanakuja pia, wengi wao vijana wa bodaboda. Yule wa kwanza alisimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi: "Shikamoo bibi. Nimeambiwa hapa kuna mchaichai." Marahaba baba, upo, pale kwenye tangi, kata majani lakini using'oe shina. Akakata, akanusa, akauliza kama unatibu presha. Hapo ndipo uuguzi wangu unapoamka. Mhariri, wageni wangu nusu wanakuja na orodha ya magonjwa, na mtandaoni wameshaambiwa kila jani ni dawa. Mimi nawaambia wazi: mchaichai ni chai nzuri. Mwarobaini nachemshia wadudu wa mimea, si watu wangu. Vidonge vya presha na sukari mlivyoandikiwa msiviache kwa ajili ya majani ya bibi wa Ngamiani. Mwingine hukasirika. Na akasirike, mradi atameza vidonge.

Kuhusu kijicho, maana hilo ndilo watu wananionya nalo. Bilinganya langu moja zuri lilinyauka mchana kweupe, majani yakiwa bado ya kijani. Mama mmoja akanong'ona: jicho hilo, umefungulia watu wengi mno. Nikakata shina karibu na ardhi, nikaomba glasi ya maji safi, nikatumbukiza ncha ya shina na kuishikilia glasi kwenye mwanga. Tukasubiri kimya. Kitambo kidogo uzi mwembamba mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina kuelekea chini ya glasi. Nikawaambia, jicho lenyewe hilo hapo. Ni bakteria. Ugonjwa unaitwa mnyauko bakteria, unakaa udongoni, na unakamata nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo. Hauna dawa ya kunyunyizia. Unang'oa mmea na mizizi yake, unachoma, jembe unaliosha, na pale hupandi jamii hiyo kwa misimu kadhaa. Mimi nimeweka mahindi. Yule mama aliomba shina la pili, akaenda kumwonyesha mumewe.

Maji nayo yalitaka akili. Kisima changu kina chumvichumvi, mnazi haujali lakini miche midogo inaungua pembeni mwa majani. Maji ya bomba ya mji wetu yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani, na bei yake inajulikana. Kwa hiyo kwanza ni mvua: mfereji wa bati unamwaga kwenye tangi, na mdomo wa tangi nimeufunga kwa chandarua kikuukuu, kwa sababu mbu wa homa ya dengi anapenda maji safi ya nyumbani, naye huuma mchana, watu wakiwa wamejisahau. Kopo lenye maji yaliyotuama halilali kwangu. Pili ni maji ya udhu. Pale penye jiwe la kutawadhia nimechonga mfereji mwembamba unaopeleka maji kwenye mgomba na mpapai. Wageni wanaotawadha kwa ajili ya sala ya magharibi kabla ya kuondoka wananimwagilia bila kujua, wengine wakijua wanarefusha kidogo, nawaambia israfu haifai hata kwa mgomba.

Na masika haya, kichochoro chetu, ambacho kila mwaka kinajaa, kilikuwa na maji kidogo upande wangu. Ua unakunywa ya kwake. Kila anayesakafia kiwanja kizima anampelekea jirani mvua yake, na jirani akisakafia anampelekea wa tatu, mpaka mwisho wa mtaa kuna mtu mmoja anakinga ya wote kwa ndoo. Ningependa Halmashauri ya Jiji, inapopitisha ramani za nyumba, iulize swali moja tu: udongo utabaki wapi?

Najua mtaniambia habari za wizi. Kweli, kuna aliyeondoka na mkasi wangu wa kupogolea, na kuna aliyeng'oa mnanaa wote kwa mzizi, nadhani akauze. Mkasi sasa unakaa mfukoni mwangu. Mnanaa umeota tena, mmea ule hata ukitaka kuumaliza huwezi. Mtaniambia pia kwamba watu wanakuja kupiga picha tu. Wanakuja, ndiyo. Wanakaa kwenye mkomamanga, wanageuza shingo hivi na vile, wanaondoka bila kuuliza hata jina la mti. Siwafukuzi, ila mtu wa namna hiyo namkabidhi ndoo. Akishamwagilia kitalu kimoja cha mchicha anaanza kuuliza maswali, na konokono wakimtembelea mguuni anauliza zaidi.

Kuondoka mikono mitupu kwangu ni mwiko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, wageni hawana cha kubebea, kwa hiyo miche naiotesha kwenye vifuu vya nazi na makopo ya maziwa ya unga yaliyotobolewa chini. Mche ukishakua, kifuu unakipasua tu unapopanda. Anayekuja mara ya pili anatakiwa aje na habari za mche wa kwanza. Umekufa? Hakuna ubaya, tunatafuta umekufa kwa nini. Mrehani wa nyumba yangu sasa uko Makorora, Chumbageni, Nguvumali, na mwingine umepanda basi hadi Korogwe.

Mwandishi wenu alisifu sana maua ya kuagizwa kutoka nje. Basi na asikie hili. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kwenye milima yetu ya Usambara kiua kidogo cha zambarau chenye majani ya manyoya, kinachoota kwenye mawe yenye kivuli. Akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akakiandika na kukipa jina la familia ile, Saintpaulia. Leo kiko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, watu wanakizalisha kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye udongo mwororo. Sisi tulio chini ya milima hiyo hiyo, tunaokunywa maji ya mto unaotoka huko huko, ni wangapi tunakifahamu? Nilipewa jani na mtu aliyekikuza nyumbani kwake. Joto la mjini halikipendezi, nimekificha nyuma ya mtungi kwenye ubaridi. Tena nasihi: kisichimbwe msituni. Amani, kwenye milima hiyo hiyo, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kiua kile porini hakijabaki kingi. Anayetaka kukiona kwao apande Muheza hadi Amani, akatembee pia kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambako walikuwa wakijaribisha miti ya kila pembe ya dunia. Nilikwenda na dada yangu, kiti tukakifunga nyuma ya gari. Tulipanga kukaa saa moja, jioni dereva akaja kututoa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zenu za bustani zikumbuke pwani. Ushauri mnaouchapisha ni wa Arusha na Lushoto, kabeji na waridi za baridi. Tuandikieni kwa majira yetu: kwamba mti wa kudumu upandwe masika inapoanza, uote mizizi bila ndoo, kwamba nyanya za pwani zisubiri masika iishe na kusi ilete ubaridi, ukizipanda kwenye joto na mvua zinaoza mbele ya macho yako, kwamba mchicha huna haja ya kuuliza mwezi, kwamba karibu na bahari upepo una chumvi, panda kwanza kinachoweza kuukinga. Wako mabwana shamba na mabibi shamba wanaoyajua haya, waulizeni.

Na kwa wasomaji wa Tanga wenye ua na mlango wa nyuma uliopigiliwa misumari: ng'oeni misumari. Si lazima iwe Jumamosi, Jumamosi ni yangu, chagueni siku nyingine ili watu wapate pa kwenda. Anayetaka mbegu za mrehani kabla ya vuli aje na kopo lake, vifuu vyangu vimekwisha. Mkilua msiniombe mwaka huu, nina miche mitatu tu na yote imeshaahidiwa.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga